Kinacholisha Kimbunga Kiko Chini ya Uso wa Bahari

Kimbunga cha kitropiki kwa kawaida huhitaji bahari yenye joto lisilopungua nyuzi 26.5 za Selsiasi. Wengi wanaijua namba hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba joto hilo linatakiwa lifike kina cha mita 50 hivi. Upepo wa kimbunga huikoroga bahari na kuyapandisha maji baridi ya chini, na kule kilikopita, uso wa maji huweza kupoa kwa nyuzi 1 hadi 6. Hiyo ndiyo breki yake. Kimbunga kinachojikokota hujinyonga chenyewe, kwani hubaki juu ya maji kiliyokwisha kuyapoza. Kinachokwenda kasi huyaacha nyuma.

Mikondo inaweza kuikata breki hiyo. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipita juu ya Loop Current, mkondo wa maji ya joto unaojipinda ndani ya Ghuba ya Mexico. Upepo ulikoroga kama kawaida, ila tabaka la joto pale huzidi mita 100, hivyo maji yaliyopanda nayo yalikuwa na joto. Tarehe 28 Katrina kikafika daraja la 5, la juu kabisa. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kati ya latitudo 5 na 10 kusini, mambo ni kinyume: maji baridi yako karibu na uso. Miaka ambayo maji hayo baridi huwa chini zaidi, vimbunga huongezeka.

Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia, nayo hupata joto kuanzia juu. Husemwa kwamba tabaka zake sasa hazichanganyiki kirahisi, basi breki imekufa. Ni haraka mno kusema hivyo. Tofauti ya joto kati ya juu na chini nayo inakua, kwa hiyo maji machache yanayopanda hupoza zaidi. Upande upi utashinda hutegemea mahali. Mvua haina utata huo: kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7.

Kuhusu ramani za joto la bahari: setilaiti huona ngozi ya maji tu. Tafuta ramani ya akiba ya joto, yaani joto lililomo hadi chini ya uso, inayotengenezwa kwa kupima kimo cha uso wa bahari (maji ya joto hutanuka na kuvimba) pamoja na vipimo vya maboya ya Argo, mtandao wa vifaa vinavyojiendesha vyenyewe baharini, yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10. Maeneo mawili yenye rangi nyekundu ileile kwenye ramani ya joto la uso yanaweza kuwa na mita 20 za joto hapa, na mita 100 pale.