Mgeuko wa nishati: inveta haiongezi kitu

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya sola, nasubiri kukatiwa waya. Mbele yangu alikuwa mama mmoja anayeuza samaki, anataka friji lake dogo lisizime umeme ukikatika. Muuzaji akamwambia: "Mama, chukua inveta kubwa, hii ya wati 2,000. Itakuongezea umeme, hiyo betri yako moja inatosha kabisa." Mama akaanza kuhesabu noti.

Inveta ni kile kifaa kinachokaa kati ya betri na vifaa vya nyumbani, ili umeme wa betri uweze kuviendesha. Kauli hiyo ya "kuongeza" nimeisikia mno sasa, na inawagharimu watu hela.

Mgeuko wa nishati ni nishati kuacha umbo moja na kushika jingine, kiasi chake kikibaki kilekile. Mkaa ukiwaka, nishati ya kikemia iliyomo inageuka joto na mwanga. Maji yakiporomoka, nishati tuli, ile yaliyokuwa nayo kwa kuwa juu, inageuka nishati mwendo. Hayo yamo kwenye vitabu vya shule ya msingi. Wenzetu wa Kenya mara nyingi husema kawi pale tunaposema nishati. Yote mawili tumeyatoa kwenye Kiarabu, kawi ikitoka upande wa nguvu na nishati upande wa uchangamfu, ule wa mtu aliyeamka vizuri.

Mahali tunapoteleza ni kwenye kitenzi. Vitabuni utakuta "kubadilisha nishati", na mimi naona kugeuza ndilo linalosema kweli. Badili ni ukoo mmoja na badala: kitu kinaondoka, kingine kinakaa mahali pake. Ukibadilisha balbu, ile iliyoungua unaitupa. Ukibadilisha fedha, unaacha shilingi dirishani unaondoka na dola. Geuza ni la kwetu la Kibantu, na kinachogeuzwa hakiendi popote. Chapati unayoigeuza kikaangoni ndiyo hiyohiyo utakayokula. Shati ulilovaa ndani nje bado ni lako. Binti wa hadithini akigeuka ndege, ndani ni yeye yule, ndiyo maana mama yake akimwimbia anaitika. Nishati iko hivyo. Iliyokuwa ndani ya mkaa na iliyo ndani ya maji ya chai ni ileile, imejigeuza tu.

James Joule, Mwingereza, mwana wa mwenye kiwanda cha bia, alilipima jambo hili miaka ya 1840. Alifunga uzito kwenye kamba. Ukishuka, unazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha anasoma kipimajoto. Kwa hesabu za leo, kilo 1 ya maji ikianguka mita 430 hivi, na mwendo wake wote ukageuka joto ndani ya maji hayohayo, joto lake litapanda nyuzi 1 tu. Ni kidogo mno, na yeye alikaa akakipima hicho kidogo tena na tena mpaka akaridhika kwamba uwiano haubadiliki.

Lakini huhitaji maabara. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo ya kugusa tairi analijua hili miguuni. Mchana unaenda raha mustarehe. Giza likiingia unaibana dinamo kwenye tairi, inaanza kulia zzzz, taa inawaka, na papo hapo pedali zinakuwa nzito. Uzito huo, mbali na ule msuguano, ndiyo mwanga wenyewe unaoukanyaga. Dinamo ingekuwa inaumba nishati, miguu isingehisi kitu. Mwanga ule wa njiani ulikuwa ugali mchana.

Hapo linaingia neno kuzalisha, ambalo wengi hulilaumu na mimi nalitetea nusu. Anayezalisha ni mkunga. Mkunga haumbi mtoto, anamsaidia mama kumtoa mtoto aliyekwishakuwepo. Kwa hiyo "kuzalisha umeme" ni sawa kabisa: umeme ni umbo, na umbo huzaliwa. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na yote ni wakunga. Mimba ilibebwa na jua, lililoyainua maji ya bahari yakawa mawingu, yakanyesha nyanda za juu, yakateremka na Kilombero na Ruaha Mkuu. Uniti moja unayonunua kwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla, ni wati-saa 1,000, yaani jouli 3,600,000, jouli ikiwa kipimo cha nishati chenye jina la Joule yuleyule. Hata pasipo upotevu wowote, uniti hiyo inadai karibu tani 3.7 za maji zishuke mita 100. Ndiyo maana "kuzalisha nishati" inanikera: inafuta jua, mvua na tani zote zile, tunabaki tukiamini mashine imetoa kitu kutoka hewani.

Sasa transfoma na inveta. Transfoma ya mtaani inapokea volti 11,000 au 33,000 na kutoa 400 au 230, lakini kinachoingia ni umeme na kinachotoka ni umeme. Umbo halikugeuka, ila kile kiasi kidogo kinachotoka kama joto na mngurumo. Inveta ni vivyo hivyo: inachukua umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, inautoa ukienda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na volti inazipandisha kutoka 12 hadi 230. Volti zimepanda, kweli. Ila tazama waya. Unaotoka betri kwenda inveta ni mnene kama kidole, unaokwenda kwenye friji ni mwembamba. Kifaa kikivuta mkondo wa ampia 1 upande wa volti 230, betri inatoa zaidi ya ampia 19 upande wake: kilichopanda kwa volti kimeshuka kwa ampia. Weka mkono kwenye feni ya inveta uhisi hewa ya moto: hicho ndicho inachokata njiani.

Na joto hilo tunasema "limepotea". Halijapotea, limegeuka kuwa umbo tusilolihitaji pale. Balbu ya zamani ya wati 100 tunaisema vibaya kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kama joto, lakini mfuga vifaranga anaitafuta kwa sababu hiyohiyo.

Yule mama nilimwomba asubiri kidogo kabla ya kulipa. Betri yake ni ya volti 12, ampia-saa 100. Ikijaa ina 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200, au uniti 1.2. Ni betri ya maji ya asidi, haifai kuikamua zaidi ya nusu, kwa hiyo ana uniti 0.6, na inveta ikishachukua chake zinabaki kama 0.5. Friji lake, kwa makisio, linakula uniti moja kwa siku.

"Kwa hiyo ni nusu siku," akasema.

Ndiyo mama, nusu siku, hata inveta ikiwa kubwa kama kabati. Inayotosha friji ni ile ndogo, na hela iliyobaki iende kwenye betri ya pili.