Kusikia Kimoyomoyo: Mtunzi Kiziwi Hutungaje?

Mtazame mwalimu wa kwaya akisoma nota za wimbo mpya ndani ya daladala. Hafungui mdomo, wala hana kinanda. Macho yanapita kwenye karatasi, kidole kinagonga goti, na akifika katikati ya ukurasa anakunja uso: amesikia besi ikigongana na soprano. Huko ndiko kusikia kimoyomoyo, yaani uwezo wa kuusikia muziki akilini kwa kuuwaza au kuusoma tu, kama vile unavyosoma barua kimya na bado ukaisikia sauti ya aliyeiandika. Siuiti uwezo huu "sikio la ndani", maana kwa madaktari hilo ni kiungo cha mwili, na mara nyingi ndicho kinachoharibika mtu anapopoteza usikivu.

Kusikia huku hakukai masikioni. Hujengwa na miaka ya kusikiliza, kupiga ala na kuandika, kukaota mizizi kwenye ubongo. Kwa hiyo mtu aliyeishi na muziki tangu utotoni, akapatwa na uziwi ukubwani, bado ana mahali pa kutungia.

Lakini tusidhani kwamba uziwi ni ukimya. Juni 1801, akiwa na miaka 30, mtunzi wa Kijerumani Ludwig van Beethoven alimwandikia rafiki yake daktari, Franz Wegeler, kwamba masikio yanamvuma usiku na mchana. Alisema amekwepa mikusanyiko kwa karibu miaka miwili, kwa sababu hawezi kuwaambia watu kwamba yeye ni kiziwi. Na kwamba kwenye ukumbi wa maigizo, akikaa mbali kidogo, sauti za juu za ala na za waimbaji hazimfikii. Hili la sauti za juu lina sababu yake. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo. Zile zinazopokea sauti nyembamba zimekaa karibu na mlango, na kwa watu wengi ndizo hutangulia kufa. Zikishakufa hazioti tena. Mara nyingi hasara hiyo huja pamoja na mlio usiotoka popote nje, ambao kitaalamu huitwa tinitasi.

Aliyetuonyesha mlio huo waziwazi ni Bedřich Smetana, mtunzi Mcheki. Kwake mambo yalikwenda kasi ya kutisha: matatizo yalianza kiangazi cha 1874, na kufikia Oktoba mwaka uleule hakusikia kwa sikio lolote. Alikuwa mwongozaji wa muziki wa opera mjini Prague. Kazi ikabidi aiache. Na katika miezi hiyohiyo, kati ya Novemba na Desemba, akaandika "Vltava", muziki wa mto unaopita katikati ya Prague, kwa muda usiofika wiki tatu. Sauti yake kupitia masikio hakuipata kamwe.

Mwaka 1876 alihamia kijiji cha Jabkenice, kwa binti yake, na huko akaandika kwarteti ya fidla mbili, viola na selo aliyoiita "Kutoka Maisha Yangu". Isikilize sehemu ya mwisho. Inakwenda kwa shangwe, mbiombio, kama watu walio sherehani. Ghafla kila kitu kinasimama. Ala za chini zinaanza kutetemeka, na juu yake fidla ya kwanza inashika nota moja ya E, nyembamba kama sindano, inaishikilia na haiachi. Smetana mwenyewe alieleza kwamba huo ndio mlio uliomjia masikioni mwaka 1874 kutangaza uziwi wake. Baada ya hapo shangwe hairudi. Zinarudi kumbukumbu za sehemu ya kwanza, kisha muziki unafifia. Kila ninapoifikia nota ile nashika pumzi. Kwa sekunde kadhaa sote tunasikia kwa masikio yake.

Mtunzi Gabriel Fauré wa Ufaransa alipatwa na aina nyingine, ambayo kwangu ni chungu kuliko zote. Sauti za chini zilimfikia zikiwa zimepandishwa, na za juu zikiwa zimeshushwa. Kuhudhuria onyesho la kazi yake mwenyewe kukawa mateso. Muziki wa kweli ulibaki kichwani na kwenye karatasi. Ukumbini ulimfikia umepotoka.

Hapa ndipo mpaka wa kusikia kimoyomoyo unapoonekana. Kunatosha kutungia, ila hakumwambii mtu kile ambacho wengine wanakisikia. Louis Spohr, mpiga fidla wa Kijerumani aliyeishi Vienna kati ya 1812 na 1815, alishuhudia mazoezi nyumbani kwa Beethoven. Piano ilikuwa imepotea tuni, na mwenyewe hakuhangaika nayo. Penye nguvu alizipiga funguo mpaka nyuzi zikakwaruza. Penye upole alizigusa kidogo mno, hata mafungu mazima ya nota hayakutoa sauti, na asiyekuwa na karatasi ya piano mbele ya macho hakuweza kujua wimbo umefika wapi. Beethoven aliendelea kupiga. Zile nota zilizokosekana chumbani, kichwani mwake zilikuwa zinalia zote.