Karibi mwezi wa kumi: visiwa havifanani

Wengi wanaamini ukienda Karibi kati ya Septemba na Novemba lazima kimbunga kikukute, kisiwa chochote kile. Msimu upo kweli, Juni 1 hadi Novemba 30, kilele karibu na Septemba 10. Ila Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini kabisa jirani na Venezuela, na vimbunga vingi hupita kaskazini yao, japo mvua na mawimbi makubwa saa zingine yanafika. Sasa kuwa kusini siyo kinga, Grenada nayo iko huko na kimbunga Ivan kiliibomoa vibaya sana 2004, ndo maana nasema kabla hujakata tiketi fungua ramani za njia za vimbunga vya miaka ya nyuma, zipo bure mtandaoni, uone mistari mingapi imepita kwenye kisiwa chako, na bima ya safari isome vizuri.