Mtoto "asiyesikia": pombe ya tumboni ikikutana na miaka ya kuachwa

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, na wanaoniuliza ni watu wenye nia nzuri kabisa, walimu, walezi, hata madaktari wenzangu: "Sasa dokta, huyu tatizo lake ni pombe aliyokunywa mama yake au ni yale maisha ya kituo cha kulelea watoto?" Mi kazi yangu ni kufanya tathmini ya ukuaji wa watoto, niko huku Kilimanjaro, na hilo swali limeshanichosha kwasababu mwenye kuuliza huwa tayari ana jibu lake, anataka tu nimgongee muhuri.

Ngoja niwape mtoto mmoja. Kiukweli ni watoto watatu wanne nimewachanganya ili asitambulike mtu. Binti wa miaka saba, kaletwa na bibi yake mzaa mama, na barua ya mwalimu: mtundu, mwongo, mvivu, hasikii. Kaingia, kanikumbatia kabla sijamwambia hata jina langu, kapanda mapajani, kaanza kupiga stori, maneno yanatiririka hatari, ukimsikiliza unasema huyu ana akili kutuzidi wote. Alafu nikamwambia kachukue kile kikombe cheupe, weka kalamu ndani, uniletee pamoja na daftari. Kaenda, kashika kikombe, kasimama hapohapo ananiangalia. Vingine vyote vimeshapotea njiani. Bibi akadakia, "Unaona dokta? Anajifanya." Hajifanyi, bibi.

Mama yake alikuwa anauza mbege, ile pombe ya ndizi, kilabuni, na ukiuza mbege lazima uionje, na ukishinda kilabuni tangu asubuhi huwezi kukataa kila kata unayonunuliwa na mteja. Mtoto kazaliwa mdogo sana, mama akaondoka hajulikani aliko, na kabla hajafikisha miezi miwili mtoto yuko kituoni, akakaa huko mpaka miaka mitatu kasoro ndo ustawi wa jamii wakampata bibi. Kwahiyo ana vyote viwili. Na wengi wanaokuja kwangu kutoka vituoni wana vyote viwili, maana nyumba ambayo mama amezidiwa na pombe ndiyo hiyohiyo ambayo mtoto anaishia kuachwa.

Tuanze na ya tumboni. Watu wanalichukulia kondo la nyuma kama chujio, vibaya vinabaki kwa mama vizuri vinapita kwa mtoto. Kwa pombe halichuji kitu. Mama akinywa, muda mfupi baadaye damu ya mtoto ina pombe karibu sawa na ya mama, tofauti ni kwamba mama ana ini la mtu mzima na mtoto hana, alafu ile pombe inayotoka mwilini mwake inaingia kwenye maji ya chupa ya uzazi, anayameza tena, inarudi. Yaani mama keshalevuka yuko zake shambani, mtoto bado yuko kilabuni. Na wakati huo ubongo ndo unajengwa, kuna seli zinatakiwa zisafiri ziende zikakae sehemu zao, nyingine zinapotea njia, nyingine zinakufa. Lile daraja linalounganisha nusu ya kulia ya ubongo na nusu ya kushoto linaweza kuwa jembamba, kwa wachache halipo kabisa. Sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu inaumia. Na sehemu ya mbele kule nyuma ya paji la uso, inayotufanya tupange, tusubiri, tujizuie, nayo inaumia.

Wengi wanaijua ile sura ya kwenye vitabu ya mtoto aliyeumizwa na pombe, macho mafupi, mfereji wa juu ya mdomo umefutika, mdomo wa juu mwembamba. Wafaransa wa Nantes waliiandika mwaka 1968 wakiwa na watoto 127, hawakusikilizwa sana, mpaka 1973 Jones na Smith wa Seattle walipoipa jina na dunia ikashtuka. Sasa kitu ambacho hata wenzangu wanasahau: ile sura inatengenezwa kwenye wiki ya tatu hivi tangu mimba itunge, kipindi ambacho mwanamke mara nyingi hata hajajua ana mimba. Akiruka siku zile bila kunywa, alafu akanywa miezi iliyobaki, mtoto anazaliwa na sura nzuri tu na ubongo ulioumia. Ndo maana watoto walio wengi kwenye kundi hili, ambalo wataalamu wanaliita FASD, yaani jumla ya madhara yote ya pombe ya tumboni, hawana sura yoyote ya ajabu, na ndo maana daktari anayemwangalia mtoto usoni dakika mbili akasema "huyu hana" huwa ananikera kweli.

Na huku kwetu kuna ishu ya ziada, mbege watu hawaihesabu kama pombe. Ni chakula bwana, ina ndizi, ina ulezi, inaleta maziwa, mzazi anapelekewa. (Kiswahili nacho kina utani wake, ulezi unatengeneza mbege na ulezi unatengeneza mtoto, na mi ajira yangu yote iko katikati ya hayo mawili.) Kwahiyo ukimuuliza mama "ulikunywa pombe ukiwa mjamzito?" atakwambia hapana, na wala hakudanganyi. Siku hizi nauliza hivi: mama, ile mimba kabla hujaijua, nyumbani mlikuwa mnatumia nini, mbege, bia, gongo? Na viroba je? Maana vile vimfuko vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini watoto waliobebwa mimba enzi za viroba ndo hawa wako madarasani wanaambiwa hawasikii. Nauliza nikiwa nimekaa pembeni yake, sio ng'ambo ya meza, na kalamu naiweka chini, naandika akishatoka. Nilivyoanza kufanya hivyo majibu yalibadilika kabisa.

Wanaojua ukubwa wa hili jambo Afrika ni Afrika Kusini kwasababu wao wamekaa wakahesabu. Makadirio yaliyotoka 2017 yalisema duniani ni kama watoto 7.7 kwa kila 1,000, Afrika Kusini 111 kwa kila 1,000. Kule kwenye mashamba ya zabibu ya Western Cape wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu uliitwa dop, ukakatazwa kisheria lakini tabia ya kunywa ikabaki na familia vizazi na vizazi. Na waligundua pia kwamba wanawake wenye miili midogo, wasiokula vizuri, watoto wao waliumia zaidi. Kwahiyo hata hii ya tumboni sio pombe peke yake, njaa imo ndani.

Haya, ya pili. Ukisema mtoto katelekezwa watu wanatafuta makovu. Wanamvua shati, hawaoni kitu, wanasema mbona mzima. Lakini alichokosa huyu hakiachi kovu la ngozi. Mtoto mchanga analia, mtu anakuja, anatabasamu, mtu anatabasamu, anatoa sauti "baa", mama anajibu "baa nini wewe", na kila hilo kwenda na kurudi linafunga waya mmoja kichwani mwake. Kwenye kituo chenye wachanga kumi na nne na dada wawili wa zamu (na wale kina dada nawaheshimu sana, wanafanya kazi isiyofanyika) mtoto anashiba, anaoshwa, anabadilishwa nepi, na anaweza kukaa kutwa nzima hakuna mtu aliyemjibu. Baada ya miezi kadhaa anaacha kulia. Wageni wanakuja wanasema jamani watoto wa hapa watulivu! Mi nikisikia utulivu ule mwili unasisimka.

Romania ndo walitufundisha hili kwa uchungu. Ceaușescu, mtawala wao, alipiga marufuku kutoa mimba 1966 akitaka taifa liongezeke, na utawala ulipoanguka 1989 dunia ikakuta watoto zaidi ya laki moja kwenye vituo. Mwaka 2000 watafiti Nelson, Fox na Zeanah walianza kufuatilia watoto 136 wa kwenye vituo vya Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo kwa kura, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Walipofika miaka minne na nusu, waliobaki walikuwa na wastani wa alama 73 kwenye kipimo cha akili, waliokwenda kwenye familia 81, na watoto wengine wa Bucharest waliolelewa nyumbani, ambao hawajawahi kukaa kituoni, 109. Na waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndo walionufaika zaidi.

Sasa angalia hapa. Wale watafiti waliwaacha nje ya utafiti watoto wenye dalili za wazi za pombe, na ki-utafiti walikuwa sahihi, walitaka kupima kutelekezwa peke yake. Alafu nenda Sweden, walipima watoto 71 walioasiliwa kutoka Ulaya Mashariki, nusu yao wakakutwa na madhara ya pombe. Yaani kwenye makaratasi tunawatenganisha, kwenye maisha wanakuja wamefungwa kifurushi kimoja.

Na vikikutana vinagombea sehemu ileile. Kuna mfumo mwilini wa kengele ya hatari, ule unaomwaga homoni ya stresi, kotisoli. Pombe inauvuruga kabla mtoto hajazaliwa, kengele inakuwa nyepesi kulia na ngumu kuzimika. Kwa kawaida mtoto hajui kuizima mwenyewe, anazimiwa na mtu, kwa kubebwa, kwa mgongo wa mama, kwa kanga. Asipokuwepo wa kumzimia, inalia tu, na stresi ya muda mrefu nayo inagonga palepale kwenye kumbukumbu na paji la uso ambako pombe ilishapita.

Alafu kuna kitu ambacho sikufundishwa darasani, nilikiona kwa macho. Mchanga aliyeumizwa na pombe ni mgumu kumlea. Ananyonya kwa shida, anatetemeka, anashtuka kwa kila sauti, usingizi wa kuchovya, akibebwa anajikaza kama ubao. Mweke huyo kwenye chumba chenye wachanga kumi na nne, unadhani dada wa zamu mwenye mikono miwili atambeba nani? Atambeba yule anayenyonya akatabasamu. Kwahiyo aliyehitaji kubebwa mara mbili ndo anabebwa nusu. Hakuna mtu mbaya hapo, ni hesabu tu ya mikono.

Kuhusu uzito wa kila kimoja, wataalamu hawajakubaliana, na mi sioni haya kulisema. Kuna kazi ya Michigan iliyolinganisha watoto walioumizwa na maisha peke yake na wale walioumizwa na maisha pamoja na pombe ya tumboni, wenye vyote wakawa chini zaidi kwenye lugha, kumbukumbu na umakini. Lakini kliniki moja ya Uingereza iliwalinganisha wenye madhara ya pombe waliotelekezwa na wenye madhara ya pombe ambao hawakutelekezwa, na alama zao zikakaribia kulingana. Mi nikiunganisha hayo na ninaowaona mezani kwangu nasema hivi: pombe ndo inapanga kiwango cha vitu vinavyopimika kwenye karatasi, kutelekezwa kunaonekana zaidi kwenye usingizi, chakula na kuamini watu. Huo ni mtazamo wangu, mwenye tofauti aje tubishane.

Kwa yule binti, kwa mfano, bibi alikuwa anakuta ugali umefichwa chini ya godoro, umeota ukungu. Hiyo ni maisha ya kituoni, haihusiani na pombe. Kusahau maagizo mawili kati ya matatu, kujua jedwali la mbili leo kesho halipo, hiyo naiweka kwa pombe. Kumkumbatia kila mgeni, hapo siwezi kukwambia, vyote viwili vinafanya hivyo. Na ule "uongo": ukimuuliza jana ulienda wapi, kumbukumbu ina shimo, na ubongo wake unaziba shimo kwa chochote kilichopo karibu. Anasema alienda Arusha. Anaamini alienda Arusha. Mwalimu anamchapa kwa ajili ya Arusha, na baada ya nusu saa mtoto anakumbuka maumivu ila hakumbuki Arusha ilivyoingia.

Fimbo hapa haifanyi kazi jamani, siongei haki za binadamu, naongea ufundi. Fimbo inataka mtoto aunganishe alichofanya na kilichompata alafu kesho akumbuke kabla hajarudia, na huo uzi ndo uliokatika.

Tulichofanya na bibi kilikuwa kidogo kidogo sana. Agizo moja kwa wakati mmoja, akimaliza ndo la pili. Ratiba ya asubuhi kwa picha, bibi mwenyewe alichora kwa mkaa ukutani, mswaki, uji, sare, mkoba. Sahani yenye ndizi mbili inawekwa kila usiku mahali pamoja, ya kwake, haulizwi. Ilichukua miezi mitano godoro likawa safi. Mwalimu alikubali kumhamisha mbele mbali na dirisha, baada ya mimi kwenda shuleni mara tatu. Na bibi nilimpa namba moja ambayo huwa nawapa walezi wakitaka kukata tamaa: Streissguth na wenzake kule Seattle walifuatilia watu wenye madhara haya mpaka utu uzima, na waliogunduliwa mapema na kukulia kwenye nyumba tulivu nafasi yao ya kukwepa jela, kufukuzwa shule na ulevi ilikuwa mara mbili hadi nne zaidi. Ubongo haukurudi kuwa ule ambao ungekuwepo. Maisha yao yakawa tofauti. Bibi akauliza, "Nyumba tulivu maana yake na hela?" Nikamwambia hapana bibi, maana yake wewe, kila siku, wewe yuleyule. Akacheka akasema basi mwombe Mungu asinichukue.

Ana miaka tisa saivi. Daftari bado anapoteza, kusoma kunakwenda polepole, hesabu ni vita. Jumatatu wanakuja tena, na bibi kanipigia simu jana kunikumbusha nikae kile kiti cha dirishani, maana safari iliyopita nilikaa kingine na mtoto akagoma kuingia mlangoni.