Basi na baiskeli: nani ampishe nani pale kituoni?

Msimu wa korosho ukikaribia barabara zetu za huku kusini zinabadilika, anayetumia ile ya Mtwara kwenda Mnazi Mmoja ya Lindi anajua ninachosema. Malori ya korosho yanaongezeka, yale ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini yapo yanapishana, mabasi ya Dar, makosta ya Masasi na Newala, na katikati ya vyote hivyo kuna mzee wa watu na baiskeli yake, gunia kalifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anaelekea chama cha msingi cha ushirika kupima korosho zake. Sisi tunaopita kutoa elimu ya usalama barabarani tukikaa na pande zote mbili tunasikia yaleyale, dereva anasema hawa watu wa baiskeli hawasikii honi, mwenye baiskeli anasema madereva wa mabasi wanatuona kama kuku tu.

Leo sitaongelea kila kitu, nataka nikae sana pale kituoni, mana kwa tunavyoona ugomvi mwingi unaanzia pale.

Ila kwanza tuwekane sawa. Baiskeli ni chombo cha usafiri na ina haki ya kuwepo barabarani, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwendesha baiskeli, kwahiyo dereva anayetoa kichwa dirishani na kusema "hii barabara ya magari" hajui anachosema, pale Mpapura au Mtama hakuna barabara nyingine ya kumpeleka mtu na baiskeli yake. Na mwenye baiskeli anayesema "mimi sina leseni, trafiki hanihusu" naye hajui anachosema, sheria hiyohiyo inamtaka aende kushoto, awe na breki, usiku awe na taa, na asijishikize kwenye gari lingine. Wale vijana wanaodandia nyuma ya malori ili wavutwe kwenye mlima wa kutokea Mikindani najua mnanisoma.

Haya tuje kituoni. Asubuhi pale Mikindani barabara inapopita pembeni ya bahari, anakuja mtu na baiskeli kabeba tenga la samaki, anapiga pedeli taratibu upande wake wa kushoto. Nyuma yake inakuja kosta. Konda ameshagonga bodi, kuna mtu anashuka, na kituo kipo hapo mbele kama mita 50 hivi. Sasa angalia dereva anavyofanya: anapiga honi ndefu, anaovateki, alafu anarudi kushoto palepale mbele ya tairi la baiskeli na kukanyaga breki. Mwenye samaki hana pa kwenda, kulia kuna gari lingine linapita, kushoto ukingo wa lami umelika na chini yake ni mchanga, mbele kuna bampa. Anaingia mchangani, tenga linalala upande mmoja, anaweka mguu chini anakaza mikono usukani usimponyoke.

"Mzee wangu nisamehe, nilikuwa nawahi," dereva anasema kupitia dirishani.

"Unawahi wapi mjomba, si umesimama hapahapa?"

Swali la huyu mzee tunalitumia sasa kwenye mafunzo. Baiskeli yenye mzigo inakwenda kama kilomita 15 kwa saa, yaani kama mita 4 kila sekunde, mita 50 inazimaliza kwa sekunde 12. Kosta ikiwa kwenye 50, ambayo ndiyo spidi ya mwisho kwenye makazi ya watu, inazimaliza chini ya sekunde 4. Tofauti yenyewe ni sekunde 8, na abiria anayeshuka sekunde hizo hizo anazitumia kutafuta chenji kwenye khanga. Kwahiyo dereva, kama unasimama hapo mbele, baki nyuma ya baiskeli, punguza mwendo, muache apite kituo kwanza ndo uingie. Hii haimaanishi ufuate baiskeli kilomita nzima, namaanisha pale ambapo konda ameshagonga na kituo unakiona kwa macho.

Alafu kuna sehemu ya pili ya kisa ambayo watu wa baiskeli hawapendi tukiisema. Gari limesimama, mlango upo kushoto, mwenye baiskeli kakasirika au ana haraka zake, anaona upenyo kati ya mlango na mtaro, anapenya humo. Wakati huohuo mama anashuka na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, anaangalia chini asikose ngazi, hawezi kujua kuna chombo kinakuja upande wa kushoto. Hapo akigongwa tusianze kumtafuta dereva. Gari lililosimama kituoni halipitwi kushoto, iwe kosta, iwe basi kubwa, iwe Noah. Una njia mbili tu, unasimama nyuma unasubiri, au unageuka kuangalia nyuma, unatoa mkono wa kulia kuonyesha, njia ikiwa wazi unapita kulia kwa nafasi ya kutosha. Mwenye mzigo mzito tunamshauri asubiri, mana kulipita basi kwa kulia na gunia zima nyuma inachukua muda na unaweza kukuta limeshaanza kuondoka wewe uko ubavuni.

Na linapoondoka nani ampishe nani? Hili tunaulizwa kila tunapokwenda. Anayetoka pembeni kuingia barabarani ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha njia iko wazi, indiketa inaomba tu, haiamuru, kwahiyo dereva huwezi kuwasha ya kulia na kuchomoka sekunde hiyohiyo alafu useme "si niliwasha". Lakini kwa upande wa ustaarabu, mwenye baiskeli ukiona indiketa ya kulia inawaka na gari lina abiria limejaa, liache litoke. Likishaondoka barabara inabaki yako, ukilazimisha kulipita litakukuta mbele na mtaanza tena mchezo uleule hadi kituo kinachofuata, anakupita unampita, na kila mara hasira inaongezeka.

Sasa konda. Kwenye mafunzo makonda huwa wanakaa nyuma wakijua haya mambo ni ya suka, yaani dereva, wakati kwa mtazamo wangu konda ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye jambo hili. Magari yetu usukani uko kulia, dereva yuko mbali kabisa na upande ambao baiskeli zinapita, na baiskeli ikishafika usawa wa mlango wa mbele, chini ya dirisha, saiti mira ya kushoto inaweza isimuonyeshe kitu. Konda yuko mlangoni, macho yake ndo kioo cha upande ule. Kabla hajafungua mlango atoe kichwa aangalie nyuma, kuna baiskeli amwambie abiria asubiri, na kabla hajagonga bodi kuondoka aangalie tena. Na ile tabia ya kufungua mlango gari likiwa bado linatembea huku unaning'inia iacheni, mlango ule ndo unaomkata mtu kifuani.

Mabasi makubwa yana jambo lao lingine. Basi refu likitaka kukata kushoto kuingia stendi linaanza kwanza kujivuta kulia, mwenye baiskeli anaona limemuachia nafasi kushoto anaingia. Kumbe tairi za nyuma hazipiti zilipopita za mbele, zinakata kona kwa ndani, zinakuja kusogelea ukingo palepale ulipo. Ukiona basi refu limejivuta kulia na indiketa inawaka kushoto, simama nyuma kabisa, mahali ambapo unaona kioo cha dereva. Kama huoni kioo chake jua naye hakuoni.

Huko nje ya mji kanuni ni moja tu ya kuishika: nafasi. Basi kubwa likipita karibu upepo wake unakusukuma kwanza, alafu mkia ukipita unakuvuta ndani, na mwenye mzigo mrefu kama kuni au mihogo anayumba zaidi. Wakati wa upepo wa kusi ndo mbaya zaidi kwenye maeneo ya wazi, mana mtu anapambana na upepo wa pembeni, gari linapita linamkingia upepo ghafla, likimaliza upepo unampiga tena. Ufaransa wameandika kabisa kwenye sheria, mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji unapompita mwenye baiskeli. Sisi tunafundisha mita moja na nusu kila mahali, ni rahisi kukumbuka. Kama kuna gari linakuja mbele na nafasi hiyo haipatikani, punguza, subiri lipite, ndo uovateki. Mtasema mna ratiba na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanawafuatilia, sawa, ila hakuna ratiba inayoharibika kwa kusubiri lori moja lipite.

Honi ipigwe mapema, kwa mbali, fupi. Ukipiga honi ya basi ukiwa mgongoni kwa mtu anashtuka, na anayeshtuka akiwa kwenye baiskeli anageuza kichwa kulia na usukani unafuata kichwa, yaani umemuita mwenyewe aingie mbele yako. Halafu kuna jambo huwa linanichekesha na kunikera, madereva mkikutana mnapeana taa kuambiana trafiki yuko mbele na tochi, kwa umoja wa hali ya juu kabisa. Basi hata mkikuta msururu wa baiskeli za korosho kwenye kona peaneni taa hizohizo.

Wenye baiskeli na nyie jioni inapoingia mnatuweka roho juu. Basi kwenye 80, ambayo ndo mwisho wake huko nje, linakula mita 22 kila sekunde, dereva akikuona na kabla hajagusa breki ameshatembea hizo. Ukiwa na shati jeusi, baiskeli haina taa, rifleketa ya nyuma imefunikwa na gunia, anakuona umeshachelewa. Hamishia rifleketa nyekundu nyuma ya mzigo, ifunge kwenye gunia lenyewe, nyingine kwenye mudigadi, bei yake ni ndogo. Mkiwa wawili watatu msiende sambamba mkipiga stori, pangeni mstari mmoja. Na msimu wa mabibo ndo msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, hilo sote tunajua, aliyekunywa akokote baiskeli nje ya lami au ailaze kwa jamaa yake, kesho ataifuata.

Mwisho kwa viongozi wa vyama vya msingi na serikali za vijiji vilivyo kando ya lami. Siku za kupokea korosho baiskeli zinapangwa mbele ya ghala hadi zinamwagikia barabarani, na kosta nazo zinasimama hapohapo kwa sababu ndipo abiria walipo. Tengeni eneo la baiskeli nyuma au pembeni ya ghala, foleni ya mizani ianzie huko, na kituo cha kosta kisogezwe mbele kidogo, hata kwa kuweka mawe mawili yaliyopakwa chokaa na kuongea na madereva wa njia hiyo. Hilo halihitaji bajeti ya halmashauri, linahitaji kikao kimoja kabla mnada wa kwanza haujaanza.