Safari za kikazi: hatari tunazoziogopa na zile zinazotuumiza

Ukiwauliza mameneja wa Dar es Salaam au Nairobi ni safari gani ya mfanyakazi inayowanyima usingizi, wengi watakutajia Mogadishu, Goma au Juba. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja mhasibu aliyetumwa Tunduma, mpakani na Zambia, kukagua tawi, ambaye anatakiwa awe amerudi mezani kwake keshokutwa asubuhi. Bahati mbaya, yule wa Tunduma ndiye wa kuhofiwa zaidi. Zifuatazo ni kauli tano zinazosikika sana maofisini kuhusu safari, na kwa nini si za kutegemewa.

“Hatari ni vita na magaidi”

Ukweli ni kwamba hatari kubwa ni barabara. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na Kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Lakini ajali ya safari ya kikazi haianzii kwenye kona za Kitonga, Tanzania, wala mteremko wa Salgaa, Kenya. Huanzia ofisini, kwenye ratiba. Kikao cha Dodoma kinapopangwa saa 3 asubuhi na bajeti haina fedha ya kulala huko usiku wa kuamkia kikao, aliyekipanga ameshaamua, bila kusema, kwamba gari litoke Dar es Salaam usiku wa manane na dereva aendeshe kilomita 450 hivi akiwa na usingizi machoni. Likitokea la kutokea, tutaambiwa ni “mwendokasi na uzembe wa dereva”.

Kampuni zinazojali jambo hili huwa na masharti machache yasiyojadiliwa: gari la ofisi halitembei giza likishaingia, dereva anapumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa 2, na saa za kuendesha kwa siku zina kikomo. Kabla ya masharti hayo kuna swali ambalo halimgharimu mtu chochote: hivi ni lazima twende? Kikao cha saa moja kinaweza kufanyika kwa video. Na kama ni lazima, twende kwa usafiri gani? Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inafika Dodoma tangu 2024, na ile ya Nairobi hadi Mombasa ilianza 2017. Kwa maoni yangu, kumtoa mfanyakazi kwenye gari na kumpandisha treni kunapunguza hatari kuliko semina yoyote ya udereva wa kujihami.

Halafu kuna suala la posho, ambalo wataalamu wa usalama hawapendi kuligusa. Mtu akipewa posho yote mkononi, pasipo kudaiwa risiti, atatafuta gesti ya bei ya chini kabisa, au atapanda basi la usiku ili aokoe hela ya kulala. Tanzania mabasi ya usiku yamerudi barabarani tangu 2023, kwa hiyo njia ipo. Simlaumu, maana ana ada ya watoto na kodi ya nyumba. Ila kampuni inayotoa posho ya namna hiyo isijidanganye kwamba imemlipia mtu malazi salama. Imempa mshahara wa pembeni na kumwachia achague kati ya usingizi na hela. Dawa yake ni ofisi kulipa hoteli na tiketi moja kwa moja, posho ibaki ya chakula na matumizi madogo. Wafanyakazi watanuna, hilo nalijua. Basi waongezewe mshahara, kwa sababu hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta kwenye posho.

“Alikubali mwenyewe kwenda”

Tarehe 29 Juni 2012 msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway ulishambuliwa katika kambi za Dadaab, Kenya. Dereva mmoja aliuawa. Wafanyakazi wanne walitekwa na kuvushwa hadi Somalia, wakaokolewa baada ya siku nne. Mmoja wao, raia wa Kanada, alilishtaki shirika, na Novemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Oslo ikasema kuwa mwajiri alifanya uzembe mkubwa, ikaamuru alipwe takriban kroni milioni 4.4. Hatari ya kutekwa katika eneo lile ilikuwa inajulikana, na bado msafara uliondoka bila walinzi wenye silaha.

Wanasheria wa mashirika huirudia kesi hiyo hadi leo, kwa sababu inavunja imani moja ya zamani: kwamba mtu akishasaini karatasi ya kukubali hatari, mwajiri amejivua wajibu. Hajajivua. Kukubali kuna maana pale tu mtu anapokuwa ameelezwa hatari iliyopo, na anapoweza kusema “siendi” bila kuandamwa wakati wa tathmini ya mwaka.

Tukiikumbuka Dadaab, tukumbuke pia kwamba aliyekufa ni dereva. Kwenye sera nyingi za safari dereva wa ofisi huhesabiwa kama sehemu ya gari. Anaambiwa njia, haambiwi hatari. Wenzake wanalala hotelini, yeye anatafutiwa pa kujibanza, na asubuhi ndiye anayebeba roho za wote. Wafanyakazi wenyeji nao hukumbwa na hilohilo: “Huyu kwao ni hukohuko, anajua mwenyewe.” Mtu aliyezaliwa Mombasa hana sababu ya kujua hali ya usalama ya Mandera, ingawa kote ni Kenya.

“Tuna bima”

Ipi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania na sheria ya fidia ya Kenya ya 2007 vinamhusu mtu aliyekwisha kuumia au kufa kazini. Ni haki yake, na ni muhimu sana, lakini havimwondoi mtu aliyevunjika nyonga kijijini saa 8 usiku. Bima ya afya ya kawaida nayo inaweza isifanye kazi ukishavuka mpaka, na bima ya matibabu siyo bima ya kukusafirisha kwenda kwenye matibabu. Amref Flying Doctors, huduma iliyoanzishwa 1957, hubeba wagonjwa kwa ndege na ina makao yake uwanja wa Wilson, Nairobi. Lakini ndege inahitaji kiwanja cha kutua, na inahitaji mtu wa kuthibitisha malipo. Swali la kuiuliza kampuni yako ni hili: usiku huo nani ana mamlaka ya kusema “tumeni ndege, tunalipa”, na simu yake inapokelewa?

Wengi watakujibu kuwa lipo kundi la WhatsApp. Kundi la watu 40 ni mahali ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ameshajibu. Anatakiwa mtu mmoja, mwenye jina, anayejua msafiri alitakiwa afike saa ngapi na jambo la kufanya asipofika.

Nidokeze jingine hapa. Akija mtu kukuuzia “cheti cha ISO 31030”, mpe chai aende zake. Kiwango hicho, kilichotoka 2021, ni mwongozo wa kusimamia hatari za safari. Usome, una mambo mazuri, lakini haukuandikwa kwa ajili ya kutolea vyeti.

“Hoteli kubwa ndiyo salama”

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia jengo lenye hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi, wakaua watu 21. Bei ya chumba haikusaidia. Kwa siku za kawaida ninaulizia mambo madogo: ngazi za dharura hazijafungwa kwa kufuli? Mlango wa chumba una komeo la ndani? Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege umepangwa, au binti anayefika saa 6 usiku ataanza kubembelezana na madereva getini? Na wale wanaowabana wafanyakazi wawili wawili kwenye chumba kimoja ili kuokoa fedha, waache.

“Akisharudi, safari imekwisha”

Malaria haifuati ratiba ya safari. Dalili kwa kawaida huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati mtu yuko nyumbani Nairobi, Arusha au Njombe, ambako si rahisi daktari aifikirie kwanza. Aliyekaa miaka mingi kwenye baridi hana tena kinga aliyokuwa nayo alipokulia Geita au Kisumu, hata kama anaamini anayo. Kwa hiyo fomu ya kurudi ofisini isiishie kwenye risiti za masurufu. Iwe na mstari unaosema: ukipata homa ndani ya miezi mitatu ijayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, utaje ulikotoka, na udai kupimwa malaria.