Mparachichi Mkongwe Hauhitaji Misumari, Unahitaji Mwanga

Masika yakikaribia, maofisa ugani wa Moshi huulizwa swali lile lile, iwe Kibosho, Uru au Marangu: mparachichi aliouacha mzee kihambani, yaani shamba la nyumbani, umepita paa la nyumba, unazaa kileleni tu, tuukate? Hapana, labda mizizi iwe imeoza. Ukiona majani madogo ya njano, ncha za matawi zinakauka na ardhi inatuamisha maji, tatizo liko chini na kuupogoa hakutausaidia.

Misumari haifanyi mti uzae. Wala kuuchanja kwa panga, wala kuuchapa fimbo alfajiri. Tunachokuta kwenye miti hiyo ni vidonda vyenye unga mweupe uliogandia gome, basi. Na hakuna mparachichi dume! Kila ua lina sehemu ya kike na ya kiume, ila hufanya kazi kwa nyakati tofauti. Ndiyo maana aina za Hass na Fuerte zikiwa jirani huchavushana vizuri.

Pogoa baada ya kuvuna, kukiwa kukavu. Kwa mwaka usiondoe zaidi ya theluthi ya matawi. Mti mkongwe mpe miaka mitatu. Anza na yaliyokufa, kisha moja au mawili mazito ya katikati yanayoziba mwanga. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Kwanza likate kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, ufike theluthi ya unene. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome. Mwisho ondoa kisiki, ukiacha kile kivimbe kinachounganisha tawi na shina, kwa sababu ndicho kinachofunga kidonda. Shina lililozoea kivuli huungua likikutana na jua ghafla. Lipake chokaa iliyokorogwa kwa maji. Machipukizi yatakuja mengi, bakiza machache yanayoelekea nje.

Mbolea hufuata mvua zikianza. Samadi iwe imeoza, madebe matatu au manne kwa mti mkubwa, itandazwe pale kivuli cha matawi kinapoishia. Wengi bado wanairundika shinani, sijui kwa nini. Mizizi inayolisha mti iko juu juu, kwa hiyo usilime kwa kina. Urea ukiizidisha utavuna majani.

Kwa mbolea ya ruzuku, jisajili kwenye ofisi ya kijiji au mtaa ukiwa na kitambulisho, namba ya simu inayopatikana na ukubwa halisi wa shamba. Taarifa zikibadilika, rudi zihuishwe. Namba ya mkulima unayopewa ukijisajili ni yako peke yako: usimwazime jirani, usimwachie wakala. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), mfuko uwe umefungwa, dai risiti na uitunze, maana malalamiko bila risiti ni magumu kushughulikiwa. Kuuza mbolea ya ruzuku juu ya bei elekezi ni kosa. Toa taarifa kwa ofisa ugani wa kata.

Ukiamua kuangusha mti mzima, pita serikali ya kijiji uulizie kibali kabla ya kuita mwenye chenso. Mti uliopogolewa sana unaweza kukaa misimu miwili bila kuzaa vya maana. Tafadhali msije ofisini mwezi wa tatu kuuliza matunda yako wapi.